Usimuulize Mgombea Anasali Wapi



Chukueni kalenda tufanye hesabu ndogo. Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, msimu wa tohara, ambao wenyewe wanauita saro, huja katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikishafungwa mwezi Desemba. Vijana wa kiume wanatahiriwa na wasichana wanakeketwa. Sasa weka pembeni yake kalenda ya siasa. Uchaguzi mkuu wa 2010 ulikuwa Oktoba 31. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014 ulikuwa Desemba 14, katikati kabisa ya msimu. Uchaguzi mkuu wa 2020 ulikuwa Oktoba 28. Serikali za mitaa wakapiga tena Novemba 27, 2024. Chaguzi nne ndani ya miaka 15, zote zimeangukia mwaka wa kisu!

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mgombea anapita nyumba kwa nyumba kuomba kura kwa wazee wale wale ambao muda si mrefu watakaa kupanga tarehe. Anamkumbatia baba ambaye binti yake wa darasa la sita yuko kwenye orodha. Na mgombea huyo, mara nyingi sana, anazungumza barabara, anazungumza maji, anazungumza mgodi... halafu kwenye hili anakuwa bubu. Watu wanaowahifadhi mabinti huko wamelalamikia ububu huu kwa miaka mingi. Sababu inajulikana na kila mtu: ukiwagusa wazee wa mila, kura zimekwenda.

Nimelileta jambo hili kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia nasikia swali moja kutoka kwa vijana wenzangu Wakristo, wasomi kabisa, watu wenye digrii zao. "Huyu jamaa ni mwenzetu?" Yaani ameokoka? Anasali wapi? Ni Mkatoliki, Msabato, Mmennonite? Wakishajibiwa, wanaona wameshampima mgombea kwa imani.

Kwa mtazamo wangu, hapo hawajapima kitu. Wamesoma lebo tu.

Mkoa wa Mara haujapungukiwa na lebo. Wamennonite wako Shirati tangu 1934. Wasabato wamekuwapo mkoani tangu enzi za Mjerumani. Kanisa Katoliki lina Jimbo la Musoma, Waanglikana wana dayosisi zao, African Inland wapo, na Wapentekoste wanafungua makanisa kila kona. Mgombea mwerevu wa Tarime anajua ratiba hii vizuri. Jumamosi yuko kwa Wasabato, Jumapili asubuhi yuko misani, mchana yuko kwenye harambee ya mabati ya Wamennonite, usiku yuko kwa wazee wa mila anaomba baraka. Kote huko anasema kile wenyeji wanachotaka kusikia. Sasa wewe unayeuliza anasali wapi, jibu lako ni lipi? Anasali kote!

Tukumbushane kidogo historia. Mwaka 2005 baadhi ya viongozi wa dini nchini walisimama wakasema mgombea urais fulani ni chaguo la Mungu. Wengine tuliwasikia baadaye, miaka ya Richmond na EPA, wakilalamika kama sisi wengine. Hawakuwa na kipimo, walikuwa na shauku.

Mwaka 2008 Tarime ikawa na uchaguzi mdogo baada ya Mbunge wake, Chacha Wangwe wa CHADEMA, kufa kwa ajali ya gari Julai mwaka huo akitoka Dodoma. Kampeni zile wengi tunazikumbuka kwa vurugu. Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyekiti wa DP, alipigwa mawe akiwa kwenye kampeni hizo, akajeruhiwa. Hapa sitaki kubishana kama maneno aliyoyasema yalikuwa ya busara au la. Nauliza tu: waliorusha mawe walikuwa akina nani? Ni mji ambao Jumapili makanisa yanajaa. Imani ya mpigakura ilikuwa wapi siku ile? Oktoba 12 watu wakapiga kura, Charles Mwera wa CHADEMA akashinda, maisha yakaendelea. Lakini swali lile halijajibiwa. Kabla imani haijampima mgombea, inatakiwa imfunge breki mpigakura mwenyewe.

Basi kama lebo ya dini haitusaidii, je lebo ya chama? Angalia Serengeti. Mwaka 2015 Marwa Ryoba Chacha alishinda kwa CHADEMA, mwaka 2018 akahamia CCM. Mwita Waitara alichaguliwa Ukonga, Dar es Salaam, kwa CHADEMA mwaka 2015, akahamia CCM mwaka 2018, na mwaka 2020 akawa Mbunge wa Tarime Vijijini. Ni haki yao, sheria za nchi zinaruhusu, wala simhukumu mtu. Nasema tu kwamba shati linavuliwa. Mkristo aliyempima mtu kwa rangi ya shati alibaki mikono mitupu.

Sasa kipimo ni kipi?

Mimi napenda sana habari ya nabii Samweli alipokuwa anastaafu. Ipo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 12. Mzee yule alisimama mbele ya taifa zima akawataka watoe ushahidi: ni ng'ombe wa nani alimchukua, ni punda wa nani, nani alidhulumiwa naye, na rushwa ya nani ilimfumba macho. Hakuwaambia wahesabu mara ngapi alitoa dhabihu. Alifungua hesabu zake kwa watu ambao angeweza kuwaumiza, akasubiri jibu. Kwa Wakurya, watu wa ng'ombe, sura hii haihitaji mkalimani.

Kuna pia Yethro katika Kutoka 18. Alipomshauri mkwe wake Musa kuhusu kuchagua viongozi, alitaja mambo machache: uwezo wa kazi, kumcha Mungu, ukweli na kuchukia mapato ya dhuluma. Angalieni jinsi yanavyokwenda pamoja. Kumcha Mungu hakukuachwa kuelee peke yake hewani. Kumefungwa kwenye uwezo upande mmoja na kwenye mikono misafi upande mwingine. Mtu akikwambia anamcha Mungu, muombe akuonyeshe hayo mengine.

Kwa hiyo kipimo cha Kikristo, kama nimekielewa sawasawa, kinauliza: huyu mtu anamfanyia nini yule ambaye hana cha kumpa? Na je, anausema ukweli hata unapomgharimu?

Ndiyo maana kwa Tarime na Serengeti nasema mpimeni mgombea kwa binti wa darasa la sita. Najua kuna watakaosema, "Mbona unapunguza siasa zote ziwe jambo moja? Kuna mgodi wa North Mara, kuna mapigano ya koo, kuna wizi wa mifugo, kuna tembo wanaotoka hifadhini na kumaliza mashamba." Ni kweli tupu. Mei 2011 watu waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini Nyamongo, na familia zao zipo. Mkulima wa Serengeti aliyelala njaa kwa sababu ya tembo ana haki ya kumuuliza mgombea habari ya tembo.

Lakini fikiria kidogo. Kuhusu mgodi kila mgombea wa kila chama anapiga kelele, kwa sababu kelele hiyo inaleta kura. Kuhusu tembo ni hivyo hivyo. Maneno ambayo yanakupa kura hayawezi kunionyesha moyo wako. Binti wa miaka 12 hana kadi ya mpigakura, hana fedha ya kuchangia kampeni, na baba yake anataka akeketwe. Kumtetea huyo ni hasara tupu kwa mgombea. Ndiyo maana pale ndipo mtu anaonekana. Atakayethubutu pale, nina sababu ya kumwamini akiniambia habari za mgodi. Atakayenyamaza pale, nitajuaje kwamba hatanyamaza siku mwenye fedha atakapomtembelea?

Tena angalia anasemea wapi. Kuna waheshimiwa wanalaani ukeketaji kwa ukali sana kwenye semina Mwanza au Dar es Salaam, posho ikiwa mezani. Sina haja na hiyo. Aseme Nyamwaga. Aseme Mugumu siku ya mnada. Aseme wazee wakiwa wamekaa mbele, kwa heshima, kwa Kikurya kizuri, bila kuwatukana. Wazee si mashetani. Ni watu wanaoamini wanalinda ukoo, na wapo kati yao ambao wameshaacha na wamesema hadharani. Lakini ukweli mwingine pia usemwe: ngariba analipwa, na sehemu ya fedha inakwenda kwa wazee. Yethro alishasema kuhusu mapato ya namna hiyo.

Hapa kuna maswali ambayo si ya kinadharia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa, kifungo miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Someni tena hiyo "au". Mtu anaweza kumwharibu mtoto maisha yake akatoka kwa fedha isiyofika bei ya ng'ombe mmoja mzuri. Na aliyefikisha miaka 18 sheria hiyo haimgusi kabisa, wakati ng'ambo ya Sirari, Kenya, sheria yao ya 2011 inakataza kwa mwanamke wa umri wowote. Mgombea ubunge ni mtunga sheria. Muulize: utapeleka hoja ya kurekebisha kifungu hiki, ndiyo au hapana? Mgombea udiwani anapitisha bajeti ya halmashauri. Muulize: Dawati la Jinsia litapata mafuta ya gari mwezi Desemba? Mgombea uenyekiti wa kijiji au kitongoji ndiye anayeona msafara wa nyimbo na zawadi ukipita mbele ya nyumba yake. Muulize: utapiga simu polisi, au utatoka kucheza?

Haya ni maswali ya imani, ndugu zangu, japo hayana neno "haleluya" ndani yake.

Pingamizi la pili nalisikia kwa wenzetu wanaojiita wanamikakati. Wanasema: "Mgombea mwema akisema hayo atashindwa, atapita mbaya. Afadhali anyamaze, ashinde, kisha afanye mema akiwa ndani." Nakiri hoja hii ina uzito, na sitasema kila anayepima maneno ni mwoga. Siasa inahitaji hekima. Hata hivyo tuulize: huko kunyamaza kunaisha lini? Ukichaguliwa 2020 kwa ukimya, utataka kuchaguliwa tena 2025. Wazee waliokubeba wataijua bei yako. Na msimu haumsubiri mbunge amalize mikakati. Msimu wa 2010 ulipita, wa 2012, wa 2014, mpaka wa 2024. Msichana aliyekeketwa 2010 akiwa na miaka 12 leo ni mama, na huenda ana binti wa kumpeleka.

Maendeleo yapo, tusikatishane tamaa. Utafiti wa taifa wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulionyesha asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 28. Lakini kitaifa ni asilimia 8. Kushuka huko mkoani hakukuletwa na hotuba za kampeni. Tarime kuna kituo cha Masanga kinachoendeshwa na masista Wakatoliki, kinapokea mamia ya wasichana wanaokimbia kila msimu. Mugumu kuna Nyumba Salama iliyoanza 2014 chini ya Waanglikana wa Dayosisi ya Mara, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke ambaye mwenyewe alikeketwa na amelisimulia hilo hadharani. Hawa hawakusubiri kura. Ndio wametupa sisi wengine kipimo cha kumpimia anayeomba kura.

Tuwe wakweli pia kuhusu sisi wenyewe. Wanaowapeleka mabinti kwa ngariba si watu wa mbali wasiojua kanisa. Wengi wana majina ya ubatizo. Wapo wazee wa kanisa, wapo wanakwaya. Tunahubiri kwamba laana imevunjwa msalabani, halafu tunatetemeka laana ya ukoo binti akibaki msagane. Mgombea akituona hivyo atafanya nini? Atatusoma, atajua imani yetu inaishia mlangoni pa kanisa, na atafanya kampeni kwa kutufuata tulivyo. Wanasiasa wetu si wajinga. Wanajua sana mahali ambapo Wakristo hatumaanishi tunachosema.

Na makanisa yaache kuuza mimbari kwa mabati. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vya takrima katika sheria ya uchaguzi, kwa sababu haikuona namna ya kutofautisha takrima na rushwa. Sasa mahakama ya kidunia imeliona hilo, halafu mchungaji anampa kipaza sauti mgombea aliyeleta spika mbili na mifuko ya saruji! Kanisa likishapokea, litamuuliza swali gani?

Kuna wanaosema viongozi wa dini wakae kimya kabisa kwenye siasa. Mwaka 2009 Kanisa Katoliki lilipotoa waraka wa kuelimisha waumini kuelekea uchaguzi wa 2010, kelele zilikuwa nyingi, mzee Kingunge Ngombale-Mwiru akataka uondolewe, na Shura ya Maimamu nao wakatoa mwongozo wao. Wengi walihofia udini. Hofu hiyo si ya kupuuza, na Mwalimu Nyerere alituonya kuhusu udini na ukabila Mei Mosi 1995 pale Mbeya. Lakini tofauti ni hii: waraka unaosema "mchague mwenzetu" ni sumu, waraka unaosema "muulizeni kila mgombea maswali haya" ni elimu. Mwalimu mwenyewe, mtoto wa Butiama, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alimwachia nchi Mwislamu Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985, na imani yake haikupungua. Kwa hiyo akitokea mgombea Mwislamu Tarime anayesimama mbele ya wazee kumtetea binti, na Mkristo mwenzangu amenyamaza, kura yangu ina mahali pa kwenda na dhamiri haitanisuta. Nabii Isaya alimtaja Koreshi, mfalme asiyemjua Mungu wa Israeli, kuwa chombo cha Mungu. Sisi ni nani tubane zaidi?

Tujifunze na kwa majirani. Mwaka 1929 huko Kenya, wamisionari wa Church of Scotland na wenzao waliwataka Wakikuyu waumini wao waukane ukeketaji kwa kiapo. Walikuwa na hoja njema, lakini namna yao ilikuwa amri ya wageni. Maelfu waliondoka, wakaanzisha makanisa na shule zao, na kisu kikageuzwa kuwa bendera ya kupinga ukoloni. Ndiyo maana nasisitiza sauti hii itoke kwa Wakurya wenyewe, kwa wanaoomba kuongoza Wakurya. Askofu wa mbali hawezi kusema kwa niaba yao, na NGO ya Ulaya ndiyo kabisa.

Mtaniuliza, kura yenyewe bado ina maana? Oktoba 2025 CHADEMA, chama ambacho Tarime imekipa ubunge zaidi ya mara moja, hakikushiriki uchaguzi mkuu baada ya kutosaini kanuni za maadili. Aprili mwaka huo huo Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alishambuliwa na kuumizwa Kurasini. Naelewa anayevunjika moyo. Lakini maswali yangu hayahitaji karatasi ya kura peke yake. Aliyekwisha kuchaguliwa naye anaulizika. Diwani anapita mtaani kwako. Mwenyekiti wa kitongoji mnachota maji kisima kimoja. Samweli aliulizwa akiwa anaondoka madarakani, wetu tunaweza kuwauliza wakiwa ndani.

Kwa ratiba ilivyo, uchaguzi mkuu unaofuata ni 2030. Nao unagawanyika kwa mbili! Tuna muda wa kujiandaa. Atakapokuja kanisani kwenu na bahasha yake, mpokeeni kwa heshima kama mgeni, mpeni kiti, mpeni chai. Kisha kijana mmoja asimame amuulize: Desemba hii binti wa jirani akikimbilia kwako usiku, utamfungulia mlango au utampigia simu baba yake?

Jibu lake lisikilizeni vizuri. Anasali wapi, mtajua baadaye.

Nawasilisha.